Asili Tupu

Kwenye pakiti kuna chui wa rangi ya chungwa,
goti la chuma, kipande cha tangawizi,
na maneno mawili mekundu: ASILI TUPU.
Nyuma, nambari ya usajili, tarakimu tisa.
Niliitafuta katika daftari la serikali.
Ni ya sabuni. Kiwanda kilifungwa zamani.

Baba yangu, Wagiman, fundi wa Jepara,
alichonga maua ya msaji miaka arobaini,
milango ya watu asiopata kuingia kwao.
Vidole viligoma. Magoti yakafuata.
Jioni alikunywa chui wa kwanza, wa dukani kwa Sugeng;
asubuhi akachuchumaa
kama mvulana anayefunga kamba za viatu.

Dawa ilifanya kazi. Hilo ndilo lililotuponza.

Miezi minane. Uso ukajaa, ukawa duara,
majirani wakasema Wagiman amenawiri,
binti yake wa Semarang anamtunza.
Sifa nikazipokea kwa simu, nikanyamaza,
nikaongeza kidogo pesa ya mwezi.
Michubuko ya mikononi, alisema, ni patasi.

Alfajiri Bi Tumirah hupita na kapu mgongoni,
chupa nane, manjano na ukwaju.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema watu,
lakini anayetembea ni yeye, ndala zimeliwa visigino,
na kikombe cha kwanza hukinywa mwenyewe mbele yako.
Chui amekaa tu rafuni.
Baba aliacha kumwita. "Yako inachelewa," alimwambia.

Nilipokwenda kumwona nikachukua pakiti moja,
nikaitia mkobani kama mwizi.
Maabarani nikayeyusha, nikachuja, nikasubiri.
Mashine ikachora vichuguu vya tangawizi
na baadaye, mahali pasipopaswa kuwa na kitu,
mlima. Deksamethasoni.
Nilipima mara tatu. Mlima haukuhama.

Nikapiga simu. Tupa zote, nikasema, leo hii.
Mtoto msomi amesema. Hakuuliza.
Alizimwaga mtaroni, maji yakawa kahawia.

Siku ya nne hakuweza kuinuka mkekani.
Siku ya tano aliniita kwa jina la dada yake marehemu.
Daktari Retnoningsih, mdogo kwangu kwa umri,
aliuliza: nani alimwambia aache ghafla?
Mwili wake ulikuwa na dawa yake ya ndani,
umesahau kuitengeneza, ulizoea kuletewa.
Nilitazama sakafu. Vigae kumi na saba hadi mlangoni.

Nilijua kilichomo kwenye unga.
Kilichomo kwenye mtu sikukiuliza.

Sasa anameza kidonge cheupe, cha ukoo ule ule,
kinachopunguzwa robo kwa robo, wiki kwa wiki.
Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo:
"Kumbe chui ni huyu huyu, mmemchuna ngozi tu."
Huyu ana mnyororo, Baba, nasema,
na jibu langu mwenyewe linaniacha na njaa.

Niliandika ripoti, kurasa sita na muhuri.
Walikuja, wakapiga picha, wakabeba maboksi mawili.
Jana nimeingia kwa Sugeng kununua sabuni.
Rafuni, pale pale, amesimama kifaru wa kijani,
tangawizi ile ile, maneno yale yale.
Sugeng akahesabu chenji polepole.
"Watu wanaiulizia," akasema.
Halafu, bila kuniangalia: "Hata mama anaitumia."

Leo asubuhi Baba alifungua dirisha mwenyewe,
akamwita Bi Tumirah, akanywa manjano,
akakunja uso hadi masikioni.
Inasaidia? nikauliza.
"Haidhuru," akasema,
akaitafuta patasi chini ya kitanda
kwa vidole vilivyokuwa bado vinagoma.